Shimo la Saba

Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja ya kutunza mji, saa moja na nusu asubuhi, watu kumi na wawili wa kujitolea waliingia katika bustani ya mji wa Kindu kung'oa miti iliyokufa na kupanda mingine. Miche ilikuwa zawadi ya Papa Kalume, mnunuzi wa dhahabu ya machimbo ya Kama, aliyetarajiwa saa nne aje kupanda mmoja mbele ya wapiga picha.

Mamy alijiandikisha wa kwanza. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa na watu wakala majani ya porini, askari walimchukua mumewe Léon, mtunza bustani, akiwa kazini hapo hapo. Hakuonekana tena.

Kisiki cha saba kilipong'oka, Léon alikuwa chini yake, amesimama, udongo umemfika kiunoni. Umri wake ulikuwa bado miaka thelathini na mmoja. Cédric, kiongozi wa kundi, alimpangusa mchanga machoni, kisha akamwita Mamy.

"Baba Elodie," Mamy alisema.

"Mama Elodie. Maji iko?"

Alikunywa vikombe viwili.

"Na mutoto?"

"Njaa ilimubeba. Miezi mitatu kisha wewe kuenda."

Mamy aliingia shimoni akamshika mabega, mabega ya kijana, ilhali nywele zake Mamy zimekwisha kuwa nyeupe.

"Nani alikuweka humu?"

"Komanda Kalume. Alitaka nikate miti ya bustani, apate kuni za askari. Nilikatala. Akasema, kama unaipenda, basi uishikilie. Nilishika mizizi yote, Mama Elodie, mpaka mikono ikachoka. Njo maana miti ilikufa."

Walimfunga kamba kifuani wakavuta, wote kumi na wawili. Hakutoka. Miguu yake ilikuwa imesambaa chini ya bustani nzima. Mamy alichimba kwa jembe, jembe lilipovunjika akachimba kwa kucha, mpaka vidole vikatoka damu.

Cédric alikwenda kumleta polisi. Polisi alisikiliza vizuri, akaandika jina la Léon, akauliza linaandikwaje. Kisha akaeleza kwamba mashtaka hupokelewa ofisini tu, na mshtaki lazima afike kwa miguu yake.

"Unaona miguu yake iko wapi," Mamy alisema.

"Ninaona, mama," polisi alijibu, akafunga daftari.

Saa nne Papa Kalume alifika. Alimtambua Léon mara moja, akampa mkono.

"Ulikuwa mutu wa kazi," alimwambia, akaomba mche.

Mamy alijilaza kukinga shimo. Watu wawili walimwinua taratibu, wakimwomba radhi. Léon alimwambia asiumie bure.

"Wapande tu," alisema. "Nitashika."

Udongo ulimfika kifuani, shingoni, mdomoni. Mamy aliushika mkono wake mpaka nao ukafunikwa. Watu walipiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema hivyo.

Mti huo sasa umeipita miti mingine yote kwa urefu. Jioni Mamy huketi kwenye shina lake, yeye na mumewe wakazungumza: nani kaoa, nani kafa, Mto Lualaba umejaa kiasi gani. Wapita njia huwaamkia wote wawili. Gari la Papa Kalume linapopita, Léon hunyamaza, na Mamy pia hunyamaza, mpaka lipotee.