Huyu, Siyo Hii

Siku ya mtihani wake wa mwisho wa shahada ya uzamili ya uchunguzi wa mifupa ya binadamu, Mkaidi aliingia maabara na chai kavu tumboni, maana chakula kilikataa kupita. Jina hilo alipewa na shangazi yake, yule ambaye kila wakikutana humuuliza: "Wenzako wanasomea kutibu watu, mwenzetu unasubiri wafe kwanza?" Siku nyingine Mkaidi hucheka. Siku hiyo kicheko hakikuwepo.

Juu ya meza, kwenye shuka jeupe, ilipangwa mifupa ambayo darasa lao liliifukua katika kiwanja nyuma ya ghala. Mwenye kiwanja ndiye aliyeahidi kuijengea idara maabara mpya, na Profesa, msimamizi wa Mkaidi, alishatangaza kwamba mifupa ni ya kale. Mifupa ya kale huwekwa stoo, na ujenzi kiwanjani huendelea. Ya juzijuzi huitiwa polisi. Basi ikawa ya kale, na wanafunzi wote wakaufyata.

Lakini aliyesafisha taya alikuwa Mkaidi, taratibu, kwa kijiti cha mwanzi na maji kidogo. Alijua alichokiona.

"Huyu alikuwa mwanamke," alianza. "Nyonga yake ni pana."

"Hii," Profesa akamkatiza. "Sema mifupa hii. Ripoti ya kitaalamu haisemi huyu."

"Huyu," alisema Mkaidi, "ana jino lililozibwa, kwa dawa nyeupe ya hospitali za siku hizi. Hao watu wako wa kale walizibiwa meno wapi, Profesa?"

Mtahini wa nje, mama wa makamo aliyealikwa kutoka chuo kingine, aliacha kupekua karatasi zake. Profesa akacheka kidogo, kile kicheko cha kuficha aibu.

"Ukiendelea hivyo nakufelisha. Miaka yako miwili yote itakwenda na maji."

Mkaidi aliogopa, tena sana. Nani anapenda kurudi kwa shangazi mikono mitupu? Ila hasira iliuzidi woga. Mahali fulani kulikuwa na watu wanaomtafuta binti yao, na mzee huyu alitaka kumtupa stoo kwa ajili ya vigae vipya vya maabara.

"Nifelishe," alisema. "Siwezi kumfanya huyu wa kale ili mimi nipate cheti."

Profesa akapandwa na mori. Akamgeukia fundi wa maabara aliyesimama karibu na mlango.

"Mfunike," akafoka. "Tumemaliza."

Fundi akashika pindo la shuka. Mkaidi akaweka mkono wake juu ya ule wa fundi.

"Amfunike nani, Profesa?"

Ulimi wa Profesa mwenyewe ulikuwa umemchongea, na kila mtu mle ndani alikuwa amesikia.

Yule mama akavuta kiti hadi mezani. "Acheni shuka," alisema. "Huyu alikuwa na umri gani?"

Mkaidi akaonyesha mtulinga, ule mfupa wa kutoka bega hadi kifuani, kwa kidole, bila kuugusa. "Ncha hii ya upande wa kifua hata haijaanza kuungana. Hakufika miaka ishirini na tano." Akakishusha kidole. "Kwa umri, ni mdogo wangu."

"Basi nipeni simu niwaite polisi," alisema yule mama. "Na wewe, wakati tunawasubiri, nieleze yote kuhusu mdogo wako."