Chokaa ya Idi

Mvua ilipokatika asubuhi, Zaina alimwaga maji ya mabeseni manne nje ya mlango, akarudisha mabeseni chini ya matundu ya bati. Matundu yalikuwa tisa. Mabati mapya mawili yalikuwa uvunguni mwa kitanda, mwaka wa pili sasa, na hakuna aliyethubutu kuyapigilia, kwa sababu nyumba yenye alama haitengenezwi. Ukipiga hata msumari mmoja, unafutwa kwenye listi.

Alama ilikuwa msalaba mwekundu na namba 47, ukutani upande wa barabara. Iliwekwa siku ile ofisi ya mradi ilipokuja kusema kwamba hapa, nyuma ya soko kuu, itajengwa stesheni ya treni ya mjini, na kila nyumba yenye namba itapewa kiwanja kule Simi-Simi, pembeni mwa mji. Karatasi hawakupewa. Alama ndiyo karatasi. Tangu hapo kilichofika ni bango tu, karibu na nyumba yao: stesheni ya vioo, ngazi ndefu, watu wa tai na mikoba ya ngozi wakishuka. Ukiangalia vizuri, ngazi hizo zilianzia pale pale kwenye kitanda cha papa yake Zaina. Vijana wa toleka, wabeba abiria, waliegesha baiskeli zao kwenye kivuli cha bango, na wakiona mtu anakimbia walimwambia aende polepole, treni itamngoja.

Papa Mahmoudi alikuwa fundi mwashi. Alipaka nyumba hiyo chokaa kabla ya kila Idi, tangu utoto wake, enzi za kumshikia baba yake kopo. Idi mbili aliizunguka ile alama taratibu, kama mtu anayenyoa karibu na kidonda. Idi hii macho yalishaingia ukungu. Zaina aliporudi kutoka sokoni, alikouza pondu, majani ya muhogo, alikuta ukuta wote mweupe, kona hadi kona, na mzee amekaa mbele yake, ndevu zina matone ya chokaa.

"Nyumba imenawa uso," alisema papa.

Zaina hakuweza kumwambia kwamba alama nayo imefunikwa. Alijisemea Idi ipite kwanza, ataenda ofisini mwenyewe kueleza.

Ofisi haikungoja. Siku ya tatu Lionel, ajenti wa mradi, kijana wa buti safi, alishuka kwenye pikipiki na daftari lake, akasimama kwa jirani, mama Florentine, akaandika, halafu akapita mbele ya nyumba yao bila kugeuza shingo. Zaina alimfuata mbio.

"Chef, umeruka ya kwetu."

"Alama iko wapi?"

"Iko chini ya chokaa. Papa alipakaa ya Idi, hakuona."

"Bon. Nionyeshe."

Zaina alichukua kijiko cha chuma jikoni akaanza kukwangua. Vijana wa toleka waliacha kucheka. Papa Mahmoudi alisikia ule mkwaruzo, akatoka, akaweka kiganja ukutani, akaelewa bila kuambiwa. Mkono mmoja wa msalaba ulitokea. Kisha nne. Alipofika kwenye saba, udongo uliolowa uliachia, ukamwangukia wote mkononi.

"Nne peke yake haiko namba," alisema Lionel.

"Angalia listi, chef. Arobaini na sita ni mama Florentine, yule pale. Muulize nani anafuata."

"Listi iko na namba, haina majirani."

Mama Florentine alikuwa mlangoni pake, chini ya 46 yake. Aliangalia miguu yake mwenyewe, akaingia ndani.

Zaina aliishia darasa la sita, lakini tarehe alizijua. Alirefusha shingo juu ya daftari. Mbele ya 47 palikuwa na jina la mtu asiyemfahamu, na sahihi ya bluu, na tarehe ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita chokaa ilikuwa bado kwenye mfuko wake dukani.

"Huyu ni nani? Siku hiyo alama yetu ilikuwa inaonekana."

Lionel alifunga daftari taratibu, bila hasira. "Dada, daftari ya ofisi haisomwe juu ya bega ya mutu."

"Papa, unasikia? Haiko chokaa yako ilitutoa kwenye listi."

"Ni mukono yangu, mutoto yangu," alisema mzee.

Lionel alieleza kwa upole kwamba kutokuwa na namba hakuiondoi nyumba kwenye njia ya treni. Zisizo na namba ndizo zitakazoanza kubomolewa, Jumatatu, maana hazina cha kungoja. Akatoa kopo la rangi kuweka alama ya kubomoa, akavuta mstari mmoja ukutani. Nyekundu ikachuruzika pamoja na tope, haikushika. Akajaribu tena. Akafuta vidole vyake kwenye mlango wao.

"Papa, uko fundi, si vile? Alors, nipakie chokaa hapa kidogo, mraba, kweupe. Alama inatakiwa ionekane kwenye picha."

Zaina alingoja papa yake akatae. Mzee akauliza ukubwa gani.

Zaina akamshikia kopo. Papa Mahmoudi alipima kwa shubiri, mbili kwenda juu, mbili upande, vidole vikitafuta njia. Shimo la ile saba alilijaza udongo kwanza, akalisawazisha kwa kiganja. Lilikuwa tengenezo la kwanza kuruhusiwa kwenye nyumba hiyo tangu iwekwe alama. Halafu akapaka, mkono mmoja, mkono wa pili, na kona zote nne zikatoka sawa.

Lionel alikaa kwenye kiti chao, kwenye kivuli cha bango, brashi ikidondosha nyekundu kati ya buti zake, akingoja chokaa ikauke.