Kucha za Harusi Langoni

Noelani Brandvold alifika bwawani saa tatu asubuhi akicheka peke yake. Jana dada yake aliolewa kule Fresno, na miguu ilikuwa bado inadai ngoma. Yeye alikuwa kipa wa kilabu cha polo ya majini, kile ambacho wanafunzi hukiendesha na kujifundisha wenyewe, na hupewa bwawa timu ya chuo ikishamaliza. Alishajaribu kuingia timu hiyo kubwa mara mbili, na mara mbili akarudishwa. Leo kilabu kilikuwa kicheze nayo mechi ya kirafiki, na Kocha Whitcomb alikuwa ametangaza kwamba kipa wake wa akiba ameumia bega, anatafuta mwingine.

Wasichana wakajipanga ukingoni, mikono mbele. Kabla ya kila mechi refa hukagua kucha, maana majini watu hukwaruzana. Mzee Dunleavy alipita akigusa ncha za vidole, mpaka akafika kwa Noelani.

"Binti yangu, hizi ni nini?"

Noelani akatazama. Kucha kumi za bandia, rangi ya waridi, zimepachikwa vito. Alikuwa amezisahau kabisa!

"Za harusi," akanong'ona.

"Hongera kwa maharusi. Lakini haziingii majini. Dakika tano."

Upande wa pili kicheko kikapasuka. "Jamani, huyu kaja mechi au fungate?"

Rosalba, nahodha wa kilabu, akaanza kuing'ata kucha ya kidole gumba cha kipa wake. "Gundi gani hii, shoga? Ya kujengea madaraja?"

Basi Ingrid Castellanos, kipa wa timu kubwa, akatoka kwenye mstari wake na kimfuko mkononi. Mlikuwa na mkasi wa kucha, tupa, na dawa ya kulainisha gundi. Akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akaushika mkono wa Noelani polepole, asimuumize.

"Wewe Ingrid, unamsaidia mpinzani!" mwenzake mmoja akafoka.

"Nimedaka peke yangu wiki tatu, mabega yanawaka moto. Nyamaza, lete taulo."

Ingrid akachukua mkono wa kushoto, Rosalba wa kulia. Dakika tano ziliisha, lakini Mzee Dunleavy alikuwa amegeukia mipira. Ilikuwa minne tu. Aliihesabu, akaihesabu tena, akakohoa, akaanza upya.

Kilabu kilifungwa mabao kumi na moja kwa matatu. Hata hivyo, Noelani alizuia mipira tisa, na wa mwisho ulikuwa wa penalti. Alichomoka majini hadi kiunoni, mikono juu, mpira ukapita katikati ya mikono, ukamgonga usoni, ukaruka juu ya lango.

"Amedaka kwa pua!" Ingrid alipiga kelele kutoka lango la pili. Watazamaji wote kumi na wawili wakasimama.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Kocha Whitcomb akachuchumaa ukingoni. "Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utakuwa nyuma ya Ingrid, na huenda—"

"Nakuja!"

"Sijamaliza."

"Nakuja tu, Kocha!"

Rosalba akapiga yowe. Kilabu kizima kikamrukia Noelani, kikamzamisha, kikamwinua, kikamzamisha tena, walioshindwa wakishangilia kuliko washindi. Kocha, viatu vimejaa maji, akasahau alichotaka kusema, naye akaanza kucheka.