Damu ya Wifi

Kazini walimwita Mama Vichupa, jina ambalo hakulipenda hata siku moja. Alikuwa mtafiti, na kazi yake ilikuwa kuisaka saratani ya titi ndani ya damu kabla haijaonekana kwenye picha wala kupapasika kwa vidole. Aliamini uvimbe ukiwa bado mchanga huvujisha protini fulani kwenye damu, na mtu akijua kuipima vizuri, ameukamata ugonjwa mapema. Basi miaka nenda miaka rudi aliinama mezani, akadondosha damu kwenye sahani za vishimo, akazitia kwenye mashine, akasoma namba, akaanza upya.

Ghorofa ya juu yake alifanya kazi wifi yake, dada wa mumewe. Hapo ndipo roho ilipomchoma, maana ni yeye mwenyewe aliyempasha wifi habari kwamba nafasi ya kazi ipo. Wifi alitengeneza kiunzi laini kama sifongo. Seli za mtu zikipandwa juu yake, hukua zikawa ngozi ya kufunikia vidonda vya moto. Sasa ngozi inaonekana, bwana. Ngozi unaweza kuishika kwa koleo ukaipungia kamera. Wageni wakija walipandishwa juu moja kwa moja, na mlangoni kwa Mama Vichupa walipita tu wakikunja pua kwa harufu ya spiriti. Gazeti likambandika wifi jina la Malkia wa Ngozi. Mama mkwe alilikata gazeti hilo, akalitundika sebuleni, juu kabisa, palipokuwa na picha ya harusi ya mwanawe.

"Na wewe mwanangu siku moja utatoka gazetini," mama mkwe alimwambia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyefeli mtihani.

Alijikaza kisabuni, akacheka. Lakini njiani kurudi nyumbani alitembea mbele, haraka.

"Una wivu," mumewe alisema.

"Sina wivu. Nimechoka."

"Mbona unachoka kila akitajwa dada?"

Sasa ili kukijaribu kipimo chake, Mama Vichupa alihitaji damu ya wanawake wazima wa afya, aweke kando ya damu ya wagonjwa na kulinganisha. Akawaomba wafanyakazi wenzake. Wakaja kwa moyo mmoja, makarani, wafagiaji, hadi mhasibu anayeogopa sindano. Wifi alikuja wa mwisho, simu sikioni, mkono wa blauzi umeshapandishwa.

"Haya wifi, ninyonye haraka, nina wageni."

Vichupa vya kawaida vilikuwa vimekwisha. Nesi akachomoa kimoja kutoka boksi jingine, kifuniko chake chekundu. Mama Vichupa alikitazama akauma meno. Hata kwenye kutoa damu, huyu lazima awe na rangi yake!

Siku matokeo yalipotoka, aliyafungua mwenyewe kwenye kompyuta. Kwenye chati, damu za wagonjwa zilikaa juu na za wazima zikakaa chini, kama alivyoota miaka yote. Isipokuwa nukta moja. Ilikuwa ya mtu aliyehesabiwa mzima, nayo imekwea juu kabisa, imekaa katikati ya wagonjwa. Akaangalia ni kichupa kipi. Kifuniko chekundu.

Kilichompitia moyoni kwanza kilikuwa furaha, fupi na kali kama wembe. Leo na yeye! Halafu akakaa chini, akajiona mtu mbaya kuliko wote waliomo jengoni.

Mkuu wa maabara alipoiona chati alipiga makofi. Hakujua ile nukta ni ya nani.

"Hii moja kichupa chake si sawa na vingine," alisema. "Vichupa tofauti huvuruga kipimo, unajua mwenyewe. Itoe, na matokeo yako yamekamilika. Hongera, mama."

Na ni kweli, kichupa kinaweza kuvuruga. Mtu yeyote angeitoa, na wala asilaumiwe. Mama Vichupa alishinda mbele ya ile chati, kidole juu ya kitufe. Akiitoa, mambo yake safi. Akiiacha, itabidi amkabili wifi, na ukoo mzima unajua jinsi anavyomwonea kijicho. Nani atamwamini?

Kesho yake asubuhi alipiga moyo konde akapanda ngazi. Wifi alikuwa ameinamia kipande cha ngozi mpya, cheupe, chenye unyevu.

"Wifi, nataka damu yako tena."

"Kwani ile mmeimwaga?"

"Namba yake imepanda. Pengine ni kichupa tu. Nataka nihakikishe."

Wifi aliweka koleo chini taratibu. "Tangu nianze kusifiwa hujapanda ngazi hizi hata kunisalimia. Leo umezipanda kuniambia nina saratani?"

"Sijasema una saratani."

"Hata afya yangu unaionea wivu?"

Vijana wawili wa maabara walijitia wanatafuta kitu kwenye friji.

"Wivu ninao," alisema Mama Vichupa. "Ninao mpaka unaninyima usingizi. Hata kicheko chako kikishuka kule chini kinanikera. Lakini mkuu ameniambia niitupe ile damu. Ningekuwa nakutakia mabaya, wifi, ningeitupa, nikakaa kimya."

Wifi alimtazama sana. Kisha akapandisha mkono wa blauzi.

Safari hii kichupa kilikuwa sahihi, na Mama Vichupa alimwomba mwenzake aendeshe mashine, asije akasingiziwa. Namba ikapanda vilevile. Daktari wa utafiti akamwita wifi, akampeleka akapigwe picha ya titi, na ndani kabisa, mahali ambapo mkono usingefika, palionekana kitu kidogo kama punje ya mchele. Wakakichunguza, ilikuwa saratani yenyewe. Wakakitoa. Hakikuwa kimesambaa.

Mama Vichupa alikwenda kumwona wodini. Chumba kilijaa maua hata pa kuweka mkoba hapakuwepo. Wifi, amekonda kidogo uso, alimwashiria akae kitandani.

"Wananiuliza kama nitajiwekea ngozi yangu mwenyewe," wifi alisema. "Nimewaambia bado inajaribiwa kwa panya, waniache kidogo." Akajisogeza kwenye mto. "Niambie ukweli. Ulipoiona ile namba mara ya kwanza, ulifurahi?"

Angeweza kukana. Aliangalia bandeji iliyochungulia kwenye gauni la hospitali.

"Kidogo," alisema.

Wifi alicheka mpaka nyuzi zikamvuta, akashika ubavu. "Nilijua! Nilijua tu wewe mwanamke. Usinichekeshe."

Mlango ukafunguliwa. Waliingia wageni kutoka makao makuu, na mpiga picha wao, wakamzunguka mgonjwa, wakimsifu kwa ujasiri wake. Mmoja alimgeukia Mama Vichupa kwa adabu.

"Samahani dada, unaweza kusogea kidogo? Unatukingia mwanga."

Akasogea hadi ukutani, na ule moto wake wa zamani ukamwaka tena kifuani, palepale.

"Arudi hapa," wifi alisema kutoka kitandani. "Huyo ndiye aliyeiona saratani yangu."

Mpiga picha alikuwa ameshabonyeza.