Mtu Aliyelowa Miguuni pa Kitanda

Bibi Liao aliteremshwa kwenye gari la kubebea mapeasi mchana wa jua kali, akiwa amelowa kama aliyeopolewa mtoni. Mvua haikuwa imenyesha. Jasho lilimtiririka, machozi yalimtoka bila kilio, mate yalimjaa kinywani yakamwagikia shingoni. Mwanawe, A-Tung, aliingia naye chumba cha dharura amembeba mgongoni, huku akirudia maneno yaleyale: alikuwa anapulizia mapeasi dawa tu, alikuwa anapulizia mapeasi tu.

Chiu Man-ju alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na ndiyo kwanza ameanza mazoezi katika hospitali hiyo ndogo ya chini ya mlima. Alipomshika bibi mkono ili atafute mshipa, alihisi nyama zikichezacheza chini ya ngozi, kana kwamba kuna wadudu wanatembea humo ndani. Akamtazama machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki vitone viwili vya wino.

"Vaa glavu kwanza," alisema Mwalimu Tseng nyuma yake. Huyu ndiye muuguzi mkongwe aliyewasimamia wanafunzi, na sauti yake haikupanda hata siku moja. "Haya, unaona nini?"

"Maji, Mwalimu. Kila penye tundu panatoka maji."

"Mapigo?"

"Yanajikokota."

"Basi hiyo ni sumu ya shambani. Mkate nguo, mwoshe."

Daktari Fang alikuwa ameshavuta atropini, dawa ya kukausha maji hayo, kwenye sindano. Wakampa, wakasikiliza kifua. Bado kilikuwa kinatokota kama chungu. Wakampa mara mbili ya ile ya kwanza, wakasikiliza tena, wakaongeza tena. Mwalimu Tseng alimwekea Man-ju kifaa cha kusikilizia masikioni.

"Usidanganywe na mboni, hizo huchelewa," alimwambia. "Wewe fuata mapafu. Tunataka yakauke."

Yakakauka. Mapigo yakapanda, pumzi ikapata njia, na atropini iliyofuata ikawekwa kwenye dripu itiririke kidogo kidogo. Mwili mzima waliuosha kwa sabuni. Lakini nywele za bibi zilikuwa zimesokotwa fundo gumu kisogoni, zimebanwa kwa pini, na katika purukushani ile ya kumrudishia pumzi hakuna aliyezigusa.

Kesho yake asubuhi Man-ju alimkuta wodini akiwa mtu mwingine. Uso ulikuwa mwekundu, midomo imepasuka kwa ukavu, mboni zimepanuka mpaka macho yakawa meusi tupu. Vidole vyake vilikuwa vinachuma nyuzi hewani, nyuzi zisizokuwepo.

"Mjukuu wangu," alisema bibi, "mpe huyo taulo."

"Nani, Bibi?"

"Huyo aliyesimama miguuni pangu. Amelowa chapachapa, atapata homa."

Man-ju aligeuka, ingawa alijua hakuna mtu. Hapakuwa na kitu ila chuma cha kitanda, na pakiti ya kijani ya bisi ambayo wauguzi huiweka juu ya mashine kama hirizi, ili mashine isiharibike. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameshavuta pazia lake, kisha akaomba ahamishwe. Ulikuwa mwezi wa saba wa mwandamo, mwezi ambao wafu huachiwa milango wazi, na wodi nzima ilikuwa inaitana kwa namba za vitanda, wafu wasije wakayasikia majina.

A-Tung akaingia na boksi la keki mkononi. "Ni ndugu wema hao," alinong'ona alipomsikia mama yake. Watu wa huko hawawataji wafu wanaozurura kwa jina jingine mwezi huo. "Niite mtu wa hekaluni awaondoe?"

"Hizo keki ni za nini?" Mwalimu Tseng alimuuliza.

"Za nanasi."

"Zirudishe garini upesi. Jina la nanasi kwa lugha yetu ni kama kusema 'wingi na uje'; unalileta wodini, unataka tupokee wagonjwa mpaka veranda zijae?"

A-Tung aliondoka na keki zake ameinamisha kichwa. Hapo Mwalimu Tseng akamgeukia Man-ju. "Mpapase tumbo."

Tumbo lilikuwa kimya, hakuna kilichonguruma. Chini yake kibofu kilikuwa kimejaa na kukaza.

"Ngozi kavu, joto, utumbo umelala, mkojo umekwama," alisema Mwalimu. "Atropini imezidi. Tena hupenya mpaka kwenye ubongo, mtu akaota huku macho yako wazi. Hakuna aliyekuja kumchukua. Ni dawa yetu wenyewe."

Daktari Fang akaisimamisha dripu. Man-ju akamwekea bibi mpira wa mkojo, akamlowesha midomo kwa pamba, kisha akaachwa akae naye.

Ilikuwa asubuhi ndefu. Kwanza bibi alizungumza na mtu wake kwa upole. Halafu, pasipo kuonya, sauti ikabadilika ikawa nzito.

"Toka," alisema, akikazia macho mahali palepale. "Toka ndani ya mtu wangu. Hukuitwa hapa, mwana wa fisadi wewe."

Nywele za mikono zilimsimama Man-ju. Alikumbuka somo: vinyweleo husimamishwa na neva zilezile zinazokimbiza moyo na kupanua mboni wakati wa hatari, neva za upande wa kukimbia, wala mwenye mwili haombwi ruhusa. Alilijua vizuri. Kulijua hakukuvilaza vinyweleo vyake.

Baada ya chakula cha mchana bibi akanyamaza. Man-ju akadhani amepata nafuu. Kisha akamsikia akisema taratibu, kama anayeeleza jambo la kawaida:

"Ameanza tena. Maji yanamjaa mdomoni. Mtazame, anazama."

Man-ju hakugeuka safari hii. Hakuwa na sababu ya kufanya alichokifanya, isipokuwa kwamba neno lile, anazama, lilimshika. Alichukua kifaa cha kusikilizia, akakiweka mgongoni kwa bibi, chini kabisa. Humo ndani mapovu yalikuwa yanapasuka moja moja. Akamshika mkono, mapigo yalikuwa yanashuka, na kiganja, kilichokuwa kikavu kama karatasi asubuhi, kilikuwa na unyevu.

"Mwalimu, kifua kimelowa tena."

"Si bado anaweweseka?"

"Anaweweseka, lakini kimelowa."

Mwalimu Tseng akasikiliza mwenyewe, akafumba macho kidogo. "Umesikia sawasawa. Kichwani dawa bado imejaa, kifuani imekwisha. Mwite daktari. Sasa tuambizane, hiyo sumu mpya inatoka wapi?"

Man-ju aliinama kuunyanyua mto, akaipata ile harufu, kama kitunguu saumu kilichomwagiwa mafuta ya taa. Ilitoka kisogoni. Wakachomoa pini, wakalifungua lile fundo la nywele, wakaziosha kwa sabuni mara nyingi mpaka maji yakaacha kunuka. Dripu ikarudishwa. Jioni kifua kilikuwa kikavu, na bibi amelala usingizi wa kweli.

Akili zilimrudia taratibu. Siku alipoweza kukaa na kula uji wa mchele kwa mkono wake mwenyewe, alimwita Man-ju asogee.

"Niliongea?"

"Uliongea, Bibi."

"Na nani?"

"Na mtu aliyelowa."

Bibi akaweka kijiko chini. Akageukia dirishani, akasema bila kumtazama Man-ju:

"Huyo ni Hok-seng, mume wangu. A-Tung alikuwa bado ananyonya. Mwaka ule Hok-seng aling'oa mti uliokuwa juu ya kaburi lisilo na mwenyewe, apanue shamba. Mwezi wa saba akarudi nyumbani mchana, akakaa kizingitini, akaanza kutokwa na mate. Machozi, jasho, akajikojolea. Macho yakawa madogo, si yake. Mama mkwe akasema ameingiliwa, na mimi nikaona kweli ameingiliwa, maana yale hayakuwa macho ya mume wangu. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Tukamwita mtu wa hekaluni."

"Siku hiyo alikuwa anapulizia dawa?" Man-ju aliuliza.

"Tangu alfajiri."

Bibi alikisukuma kando kibakuli cha uji. Kisha bibi akasema, "Nilikaa mbele yake nikamtukana huyo aliyemwingia. Matusi yote ninayoyajua. Nikamwambia toka, toka, mpaka roho ikamtoka mume wangu. Hok-seng mwenyewe sikumwambia hata neno moja." Akafuta mdomo. "Nieleze. Mlinipa nini?"

Man-ju alieleza kama alivyoweza. Mwilini, alisema, mna wajumbe wa upande wa kupumzika. Mjumbe akibisha hodi mlangoni, mate hutoka, tumbo husaga, moyo hupungua mwendo. Akishamaliza kazi kuna anayemfagia, ili mwili usipitilize. Sumu ya shambani humfunga mikono yule mfagizi. Wajumbe hurundikana, wanabisha hodi bila kukoma, na mtu huzama kwa maji yake mwenyewe.

"Na dawa yenu?"

"Inaziba milango, Bibi. Wajumbe wapo, lakini hawaingii. Ila haizibi milango ya misuli, ndiyo maana mikono ilikuwa inakuchezacheza. Kwa hiyo tulikupa na dawa ya pili, ya kumfungua mfagizi."

Bibi alifikiri. "Wakati wa Hok-seng, hiyo ya kuziba milango ilikuwapo?"

Man-ju alitamani Mwalimu Tseng atokee. Hakutokea.

"Ilikuwapo, Bibi. Lakini barabara ilikuwa imekatika."

"Na alikuwa ananisikia?"

"Sijui." Aliinyoosha shuka pembeni mwa kitanda. "Misuli inaweza kulegea, mtu akashindwa kujibu na bado anasikia. Huenda alisikia."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Hakulia. Alisema, "Nifundishe tena tangu mwanzo. Mjumbe, mlango, mfagizi. Nataka niweze kuyasema mwenyewe bila kukosea."

Alasiri ile yote Man-ju alimfundisha. Bibi alichanganya, akamfunga mjumbe badala ya mfagizi, Man-ju akamrekebisha, wakaanza upya. A-Tung aliingia katikati akasimama ukutani na kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia habari inamhusu nani, lakini baada ya muda alikaa chini sakafuni, uso kausitiri kwa kofia.

Mavuno ya mwisho yalipokwisha, A-Tung aliteremka mlimani akawaletea wodi kapu la mapeasi. Mwalimu Tseng aliyapokea, akampa kila mtu lake zima. Huko kugawana peasi hutamkwa sawa na kutengana, kwa hiyo halikatwi kisu kati ya watu wanaotaka kuonana tena.

"Mama hajambo?" Man-ju aliuliza walipokuwa wawili kwenye veranda.

"Hajambo, dada. Hapulizii tena, nafanya mimi, na barakoa navaa, maana asiponiona nayo shambani hapakaliki." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Alikwenda kaburini kwa baba. Alisimama akamweleza lile somo lako lote, kuanzia mjumbe. Hakukosea. Halafu akaniambia nikamsubiri garini, kwa hiyo mengine sikuyasikia. Alikaa huko mpaka ukungu ukashuka."

"Na yule aliyelowa, bado anamwona?"

"Hapana. Tangu mlipomtoa dripu hajamwona hata mara moja." A-Tung aliligeuza peasi mkononi. "Anasema hilo ndilo linalomuuma. Kwamba alikuja, akasimama pale siku mbili, na yeye akamfukuza tena."

Alipoondoka, Man-ju aliitwa kutandika kitanda kile alichokuwa amelazwa bibi, maana kulikuwa na mgonjwa anapandishwa kutoka dharura. Alitandaza shuka upande wa kichwani, akaichomeka vizuri. Alipofika miguuni alisita. Kisha akazunguka kwa mbali, kama anayempisha mtu aliyesimama pale, na kumalizia upande wa pili.