Gari la Mkate Lililopiga Magoti

Kitu cha kwanza Awinja alichokiona asubuhi hiyo kilikuwa nafasi iliyo juu ya tairi la nyuma. Gari la mkate la shemeji yake alilijua vizuri. Siku zote ngumi yake ingepita kati ya tairi na bodi bila kugusa kitu. Sasa gari lilikuwa limesimama uani kwao, karibu na kamba ya nguo, na ile nafasi haikuwepo. Hata kidole kisingepita. Kisha gari likaanza kuinuka lenyewe, polepole, kama mtu aliyekuwa amechutama akijinyoosha, mpaka nafasi ikarudi.

"Umeona?" Fundi Kiptoo alikuwa ametoa kichwa dirishani, meno yote nje. "Linapiga magoti kama ngamia!"

Awinja aliitikia kwa kichwa. Kwa wanaume wasio wa nyumbani sauti yake haikutoka upesi, na hata ikitoka ilikuwa ndogo.

"Na mulamwa yuko wapi?" akauliza mwishowe. Hivyo ndivyo alivyomwita Osundwa, mume wa dada yake.

Kiptoo akaonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya ua, katikati ya mahindi, ilionekana kofia ya bluu.

"Tumefika hapo langoni, akaniachia usukani, akaruka nje kama mtu ameona nyoka. Namuuliza, si hii ni boma ya kina bibi yako? Ananiambia, ndiyo maana."

Awinja akacheka kidogo, mkono mdomoni. Kiptoo alikuwa mtu wa Lugari na mila za huku zilikuwa zikimchanganya. Hapa Ekero mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda akaingia kwenye miwa mpaka mwenziwe apite. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na kadiri mtu anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyokaa mbali naye.

Mama yake Awinja, Mama Zipporah, alimpenda sana Osundwa. Shida ilikuwa hapo.

Tangu kiharusi kimpate, upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Daktari wa mazoezi kule Kakamega mjini alisema aletwe kila wiki bila kukosa, la sivyo mkono na mguu vitakakamaa vibaki hivyo. Beverlyne, dada mkubwa wa Awinja, alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kuinua hata ndoo. Baba alishafariki. Alibaki Awinja, aliyeacha shule akiwa darasa la sita ili asaidie palizi ya miwa, na ambaye sasa alikuwa miguu ya mama yake. Alimtoa kitandani, alimweka kitini, alimwogesha, alimrudisha. Lakini kumpandisha kwenye gari la mkate, ambalo sakafu yake ilimfika kiunoni, hilo lilimshinda.

Kwa hiyo walikuwa wakiomba vijana wa bodaboda. Mara ya mwisho, nje ya kliniki, vijana wawili walimshika Mama Zipporah, mmoja makwapani, mwingine miguuni, wakamnyanyua huku wakitaniana kuhusu mpira. Gauni likapanda. Watu walikuwa wamejaa pale wakisubiri namba zao, na wote walitazama.

"Jamani, nguo yangu," Mama alisema. "Nguo yangu, wanangu."

Osundwa alikuwa palepale, ameshika usukani. Mwanamume mwenye mabega ya kubeba kreti za mkate mbili mbili tangu alfajiri. Angeweza kumweka mama huyo ndani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Yeye peke yake, kati ya watu wote wa pale, hakuruhusiwa. Alikaza macho kwenye kioo cha mbele.

Tangu siku hiyo Mama Zipporah akakataa kutoka.

"Nitakufa nikiwa nimejifunika," alisema, na hakuna aliyeweza kumgeuza. Wiki zikapita. Vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja ndani ya kiganja. Awinja alivinyoosha kila jioni kwa mafuta ya moto, na kila asubuhi alivikuta vimejikunja tena.

Osundwa alikwenda kwa Kiptoo, aliyekuwa na gereji yake nje kidogo ya mji, akamuuliza kama gari linaweza kufundishwa kuinama.

Awinja alikwenda huko akiwa na kamba aliyopimia upana wa kiti cha magurudumu, kwa kuwa Osundwa hangeweza kwenda kukipima mwenyewe. Alikaa gereji kutwa nzima juu ya tairi kuukuu akitazama. Kiptoo alizing'oa springi za nyuma, zile bapa za chuma zilizolaliana, akafunga mikono mipya ya chuma, na juu yake akaketisha mifuko miwili ya mpira mnene. Chini ya sakafu akafunga kompresa ndogo na tangi la hewa. Akapitisha mipira myembamba kutoka tangi hadi kwenye mifuko, na nyaya hadi kwenye kisanduku cheusi ambacho, alieleza, ndicho kinachoamua mfuko upi uingizwe hewa na upi utolewe, ili gari lisiegemee upande mmoja. Alipomaliza alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, akainama kutazama kama kuna panapotoa mapovu.

"Sasa niambie," alimwambia Osundwa akijifuta mikono. "Huyu mama mkwe ana kilo ngapi?"

Osundwa alishtuka nusura aangushe soda. "Kiptoo! Nani anaulizanga kilo za mama mkwe?"

"Sasa kisanduku nitakipimia nani? Wewe?"

"Weka... weka magunia mawili ya mahindi."

"Mawili? Mama mkwe au ni trela ya miwa?"

"Basi moja! Moja, na uache kuniangalia hivyo."

Awinja alijificha uso ndani ya leso akacheka hadi machozi. Wakapakia gunia, gari likainama, likainuka. Wakapakua, likafanya vilevile.

"Swichi nikuwekee wapi?"

"Hapa karibu na usukani," Osundwa akasema, "nisihangaike."

Wote waliona ni jibu zuri.

Ndipo ikafika asubuhi hii. Ndani ya nyumba, Mama Zipporah alikuwa tayari, kwa masharti yake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe. Atakaa nyuma, alisema. Pazia liwe katikati. Mkwe asitazame kioo. Na mwanamume yeyote asimguse.

"Nitajaribu mara moja, Awinja. Leo tu. Likishindikana, msiniambie tena habari za kliniki."

"Ndiyo, Mama."

Awinja akamsukuma hadi uani. Magurudumu yaliruka kwenye vijiwe na Mama akashika ukingo wa kiti kwa mkono wake mzima. Nyuma ya gari milango ilikuwa wazi, na bapa la chuma la kukunjwa, ambalo Kiptoo alilifunga mlangoni ili kiti kipandie, lilikuwa limelazwa tayari. Pazia, shuka ya Beverlyne yenye maua, lilining'inia nyuma ya kiti cha dereva.

Lakini gari lilikuwa limesimama juu. Bapa lilipanda wima kama ngazi ya kuezekea.

"Kiptoo," Mama akasema, "liinamishe basi."

Kiptoo akazunguka hadi mbele, akaingia, akatulia. Akatoka tena.

"Ufunguo anao mwenye gari. Nilipozima amekuja akauchukua, akarudi mbio kwenye mahindi."

"Mwite."

"Osundwa! Lete ufunguo!"

"Mama ameshatoka nje?" sauti ikauliza kutoka shambani.

"Ametoka!"

"Basi siwezi kuja!"

"Rusha!"

Ufunguo ukaruka juu ya ua, ukatua kwenye matope ya kuku. Kiptoo akauokota, akaupangusa, akaingia mbele, akabonyeza swichi. Gari likashusha pumzi na kuinama. Bapa likalala mteremko mzuri. Awinja akaupeleka mkono kwenye mshikio wa kiti, moyo ukianza kufunguka.

Mama Zipporah akainua mkono. "Ngoja."

Alikuwa akilitazama gari kwa macho ya mtu anayekagua kuku sokoni.

"Na huko kliniki, wakati wa kushuka? Kiptoo utakuwepo?"

"Mimi? Mimi nabaki hapa Ekero, nina trekta la kutazama."

"Basi atabonyeza nani? Swichi iko mbele kwa dereva. Na dereva ni mkwe wangu. Mimi nikiwa nashuka, yeye atakuwa ameshakimbilia wapi?"

Kiptoo akamtazama Awinja, Awinja akaitazama ardhi. Wao wawili na Osundwa walikuwepo gereji kutwa, wakapima kila kitu, wakasahau kwamba mtu ambaye swichi iliwekwa mkononi mwake ndiye mtu pekee ambaye hatakuwepo. Na Awinja, mwenye mila hizi tangu kuzaliwa, alikuwa amekaa pale juu ya tairi akicheka habari za magunia.

"Nirudishe ndani," Mama akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka. Vidole vyake vilivyojikunja vilikuwa vimelala juu ya gauni zuri.

"Mama." Awinja aliisikia sauti yake mwenyewe na ikamshangaza, maana ilitoka kubwa. "Subiri. Kidogo tu." Akamgeukia fundi. "Kiptoo, hiyo swichi inaweza kuja huku nyuma? Mlangoni? Nibonyeze mimi?"

Kiptoo alijikuna shingo. Akalitazama gari, akayatazama mahindi ilipokuwa ile kofia, akatazama tena mlango wa nyuma.

"Waya ninao," akasema. "Mama, nipe muda wa kuchemsha chai. Hata kwetu kuna heshima ya wakwe, lakini hii yenu inataka waya mrefu."

Mama Zipporah akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kama kilivyokuwa sasa, lakini kilikuwa kicheko.

Awinja akaweka sufuria ya chai jikoni na kurudi. Kiptoo alilala chini ya gari, miguu tu nje, akivuta waya na kuimba kwa pua. Kofia ya mahindini iliuliza kuna nini, ikaambiwa ikae. Kiptoo alipotoka, swichi ilikuwa nyuma, kando ya mlango, kimo cha mkono wa Awinja. Akamwonyesha: chini, katikati, juu. Usiinue gari bapa likiwa bado ardhini. Sikiliza pumzi, ikikoma, tayari.

"Mimi?" Awinja akasema, na ile sauti kubwa ikawa imekwisha.

"Nani mwingine? Mimi nakunywa chai."

Akabonyeza. Gari likapiga magoti mbele yake, taratibu, hadi pumzi ikakoma. Akazunguka nyuma ya kiti, akainamisha kifua, akasukuma. Alijiandaa kwa ule uzito aliouzoea, ule wa kumnyanyua mama kitandani huku mgongo ukilia. Haukuja. Kiti kilipanda kama mkokoteni kwenye njia ya lami, na mama yake alikuwa ndani, gauni limemfika vifundoni, kitambaa hakijasogea, wala hakuna mkono wa mwanamume uliomgusa.

Awinja akafunga breki za kiti, akakunja bapa, akabonyeza juu. Gari likainuka likimbeba Mama Zipporah kama mtu wa heshima.

"Haya," Mama akaita. "Mwambieni mkwe wangu aje. Nimeshajifunika kwa pazia."

Osundwa akaja mbio, suruali imejaa majani ya mahindi, akaingia mbele bila kugeuka. Wakaingia barabarani, miwa ikipita pande zote. Kisha sauti ikatoka nyuma ya shuka yenye maua.

"Mkwe."

Osundwa akakaa wima kabisa. "Naam, Mama."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka vyema, Mama."

"Gari lako linanukia mkate."

"Pole, Mama."

"Sijasema ni vibaya. Mungu akupe watoto wengi watulivu kama wewe. Usinijibu, angalia barabara."

Osundwa akaangalia barabara. Awinja, aliyeketi kando ya kiti cha mama yake, aliona kupitia upenyo wa pazia kisogo cha shemeji yake kikilowa jasho, na bega likipanda na kushuka, na alijua analia kwa furaha, akijitahidi sana asitazame kioo.

Kliniki walifika mapema. Osundwa alisimamisha gari kivulini, akaacha ufunguo mahali pake, akashuka, akatembea hadi ukutani kwa upande wa barabara, akageukia magari yanayopita. Awinja akabonyeza chini. Watu waliokuwa wakisubiri namba zao waligeuka kutazama gari linaloinama, na mwanamke aliyeteremka humo akiwa amekaa wima, akiwasalimia kwa kichwa kama mgeni rasmi. Daktari wa mazoezi alivishika vile vidole, akavikunjua kimoja kimoja, akasema wamewahi, bado vinaweza kunyooka.

Mama alipoanza mazoezi, Awinja akatoka nje.

Hakuwa amewahi kuanza mazungumzo na Osundwa. Siku zote alimpa maji ya kunawa, alimpokea mkate, aliitikia alipoulizwa, basi. Alitembea hadi ukutani, akasimama karibu naye, wote wawili wakitazama barabara.

"Anaendeleaje?" Osundwa akauliza.

"Vizuri. Daktari anasema vidole vitarudi."

"Bwana asifiwe."

Lori la miwa likapita, likaangusha bua moja. Awinja akangoja lipotee.

"Mulamwa," akasema, "kila asubuhi nilipokuwa namwinua Mama niliogopa kwamba leo ndiyo siku nitamwangusha. Kila asubuhi, na sikumwambia mtu. Leo nikimpandisha garini sijaogopa. Asante."