Mahari ya Gramafoni

Ni haki msomaji ajue mapema kwamba hakuna aliyekusudia kumwachisha nyanya yake Levi. Tulikusudia tu kusoma historia.

Mwaka 2005, Klabu ya Historia ya shule yetu ya bweni, hapa Kitale, ilipewa mada ya maonyesho: mabadiliko ya utamaduni, sayansi na teknolojia kati ya vita viwili vya dunia. Mwalimu Kinyua, mlezi wa klabu, aliipenda mada hiyo kiasi cha kunyoa ndevu. Kufikia Ijumaa tulikuwa na ndege ya karatasi, kuwakilisha usafiri wa anga, na kipande cha mkate wa bwaloni chenye ukungu wa kijani, kuwakilisha penisilini. Mkate haukuhitaji maandalizi yoyote.

"Levi, si ulisema kwenu kuna gramafoni?" Mwalimu akauliza.

"Iko, mwalimu. Kuka yangu alinunua kabla ya vita ya Hitler. Lakini iko Bungoma, kwa ndugu ya kukhu."

Kuka ni babu. Kukhu, yaani nyanya yake, aliitwa Phelista, mjane aliyeishi na kina Levi huko Kiminini. Ndugu yake alikuwa Mzee Mukhisa. Levi akapewa simu ya ofisi ampigie. Levi ni kijana mwema, ila L na R kinywani mwake huazimana mashati.

"Kuka, tunakuja kesho kuangalia mahari gramafoni iko. Harafu tutaichukua turudi nayo Kitale."

Sauti ya mzee ikasikika hadi nilipokuwa nimesimama: "Mahari?"

"Eee, mahari."

"Na Phelista anajua?"

"Anajua. Amefurahi sana."

Simu ikakatwa. Levi akatangaza kwamba mzee amekubali.

Jumamosi tulifika Bungoma na pikapu ya shule: Mwalimu, Levi na mimi, Sufian, mweka hazina wa klabu isiyo na hazina. Sebuleni kwa Mzee Mukhisa wazee walikuwa wamejaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Hakuna aliyetabasamu. Chai haikuletwa, jambo ambalo Bungoma ni sawa na kupigwa kofi. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona kitanda kimetandikwa shuka mpya. Gramafoni ilikuwa mezani, tarumbeta yake ikitutazama.

"Dada yangu yuko wapi?" Mzee Mukhisa akauliza.

"Tumemwacha, kuka," Levi akajibu.

Wazee wakaguna kwa pamoja.

"Mmemwacha! Na unasema hivyo ukicheka! Amekosa nini huko? Miaka hiyo yote, halafu mnamludisha kama debe limetoboka?"

Ndipo tukaelezwa. Babu yake Levi, akiwa kibarua wa reli, alipotaka kumwoa Phelista hakuwa na ng'ombe wa kutosha. Akaleta gramafoni. Baba ya Phelista akasikiliza upande mmoja wa santuri, akageuza, akasikiliza wa pili, akatoa binti. Ile gramafoni ilikuwa mahari. Mahari ikirudishwa, ndoa imekwisha.

"Hata kama bwana ameshakufa?" Mwalimu akauliza.

"Kufa si kuachana," mzee mmoja akamjibu.

Kwa hiyo Phelista angerudi kulala kitanda kile, na siku yake ikifika asingezikwa kando ya mumewe. Levi akasimama.

"Wazee, mmenisikia vibaya! Mimi nilisema mahari, si mahari!"

"Ndivyo tulivyosikia," wakasema.

Nikajitolea kusaidia. "Anataka kusema mahali."

"Ndiyo. Mahari," Mzee Mukhisa akasema. "Hata huyu mtoto wa msikitini anajua."

Mwalimu Kinyua alikuwa akinong'ona, "Badiliko la utamaduni lenyewe hili," mpaka alipotazamwa.

Baada ya mashauriano, Mzee Mukhisa alilegeza kamba. Gramafoni ingeweza kutoka kwa wiki moja tu, mradi kitu kibaki badala yake. Na kwa kuwa kinachotoka kina sauti, kitakachobaki lazima kiwe na sauti.

Mwalimu akavua saa yake. Mzee Mukhisa akaiweka sikioni, akasubiri, akamrudishia.

"Hii imekufa. Pole, bwana."

Hapo ndipo soksi yangu ilipolia.

Shuleni kwetu simu ni marufuku, na adhabu yake ni kurudi nyumbani kumleta mzazi. Aliyepiga, kwa bahati, alikuwa mzazi: mama alitaka kujua kama nimekula.

"Sufian," Mwalimu akasema taratibu, "mguu wako unalia."

"Hiyo iko na sauti!" Mzee Mukhisa akashangilia. Ilikuwa simu ya kawaida ya mulika mwizi, lakini alipowasha tochi yake wazee walisimama kuitazama. Chai ikaletwa, pamoja na mandazi.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Gramafoni ilikoroma, mkate ukanuka, tukawa wa pili. Wiki ilipoisha tulirudisha gramafoni, nami nikanyoosha mkono kupokea simu yangu.

"Hapana," Mzee Mukhisa akasema. "Zamani baba yangu alilalamika hii mahari ni pungufu. Sasa imekamilika."

Wazee wakaafiki. Mwalimu Kinyua naye alitafuta simu ya kuninyang'anya, akakosa. Aliyekuwa nayo sasa alikuwa shemeji yangu.

Tulipitia Kiminini kumpa Kukhu Phelista habari kwamba ndoa yake ni salama. Alisikiliza yote, akauliza ni nani aliyekamilisha mahari. Levi akanionyesha kwa kidole.

Kukhu akanitazama kuanzia soksi kwenda juu.

"Ni mdogo," akasema, "lakini yule wa kwanza pia alikuja bila ng'ombe. Levi, toka kwa hicho kiti. Mpishe kuka yako akae."

Levi akatoka. Nikakaa.